Siku kaunta buku langu lilipopanda bajaji bila mie

Wiki iliyopita binti mmoja, afisa ustawi wa jamii mgeni kazini, kaniandikia: "Shikamoo dada. Kabati la ofisini halifungi, kwa hiyo mafaili ya wateja nayalaza nyumbani chini ya kitanda. Ni sawa?"

Marahaba mdogo wangu. Si sawa. Ila sikucheki, maana mie nilifanya makubwa kuliko hayo.

Mwaka wangu wa tatu hapa Tanga nilikuwa na kaunta buku la kwaya tatu. Kila nyumba niliyoingia, Makorora, Msambweni, niliandika humo: jina kamili, mtaa, nani kampiga nani, nani anameza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nilijiona hodari. Wenzangu wanahangaika na fomu nusu siku, mie nafunua ukurasa tu. Jioni moja ya masika nikadandia bajaji Ngamiani, mwavuli mkono huu, mkoba mkono huu, buku na mfuko wa samaki nimeviweka kwenye kiti. Nilishuka na samaki.

Usingizi haukuja. Asubuhi dereva alikuwa mlangoni pa ofisi, buku kalizungushia gazeti. Nikampa elfu tano, akaikataa. Halafu akashusha sauti: "Mama, yule wa barabara ya 15, mumewe binamu yangu. Sikujua kama anatumia dawa."

Nilimsihi anyamaze. Labda alinyamaza, labda alimwambia mkewe tu. Wiki mbili baadaye yule mama alifungiwa mlango na wakweze. Alikuja ofisini, hakukaa kwenye kiti. "Nilikwambia wewe peke yako." Akaondoka. Barua ya karipio nayo ilikuja, hiyo tuiache.

Na usiseme sikujua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu mwenye virusi hivyo. Niliisoma chuoni na mtihani nikafaulu. Siku hizi ipo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto zimo kwenye zile nyeti. Sheria zipo, buku ndilo lilikuwa kwenye bajaji.

Sasa nafanya hivi. Daftari la kutembelea nalo lina namba tu, mathalani 27. Orodha ya namba na majina iko kwenye kabati la chuma, na haitoki. Kabati nimelipandisha juu ya matofali, maana mchwa wa huku na unyevu wa bahari havisomi sheria. Anayechukua faili anasaini, hata bosi. Kompyuta ina nywila, na nywila haibandikwi kwenye kioo (nimeyaona hayo kwa macho yangu). Fomu ya mteja haipigwi picha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp ati "naomba ushauri." Ushauri gani huo wenye uso wa mtoto wa watu? Jamani, tumwogope Mungu! Mtu kakuvulia nguo za moyo wake, wewe unazianika barabarani.

Yule mama tukikutana soko la Mgandini, hupita upande wa pili wa meza za samaki.

Mdogo wangu, mafaili yarudi ofisini kesho. Kufuli nunua kwa hela yako, risiti mpe mhasibu. Yangu anayo tangu mwaka juzi.