Kano ya kisigino inaniuma nikifanya mazoezi: niendelee au niache?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 43 na nimekuwa nikikimbia kwa muda mrefu. Huu ni mwezi wa tano kano iliyo juu ya kisigino changu cha kulia inaniuma. Nikiamka, hatua za kwanza nachechemea, kisha mguu unalegea. Nikiibana kwa vidole inauma, na nahisi kauvimbe kama vidole vitatu juu ya kisigino. Nilipumzika wiki 6 bila kukimbia kabisa, maumivu yakaisha, lakini niliporudi kukimbia yakarudi yote. Nikapewa mazoezi ya kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino. Shida ni kwamba mazoezi yenyewe yananiuma. Ripoti ya ultrasaundi inasema kano "imechakaa". Je, mazoezi haya hayazidi kuichana? Na wanaonishauri nichomwe sindano, niwasikilize?

JIBU

Pole kwa maumivu. Endelea na mazoezi. Kuuma kwake, kwa kiwango nitakachokueleza, si dalili kwamba kano inachanika. Sindano ningekuomba uiache kwa sasa.

Umenisaidia sana kwa kutaja mahali panapouma. Vidole vitatu juu ya kisigino ndipo katikati ya kano ya Achilles, ile inayounganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Kukakamaa asubuhi, kulegea baada ya hatua chache, na kauvimbe kanakouma kakibanwa: hiyo ndiyo sura ya kawaida ya tendinopathi, hali ya kano iliyobebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake kwa muda mrefu. Kama ungeumia chini zaidi, pale kano inaposhikana na mfupa, zoezi lingebadilika. Nitafika huko.

Wiki 6 ulizopumzika zinaeleza mengi. Ukikimbia, kila hatua huibebesha kano hii nguvu inayofikia mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wako. Ukiacha kukimbia nguvu hiyo haipo, basi maumivu hutulia. Lakini seli za kano huongozwa na mvuto: zikivutwa ndipo hutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoipa kano uimara wake. Wiki nyingi bila mzigo huiacha kano ikiwa legevu zaidi na kigimbi kikiwa kimepungua nguvu. Ulirudi kukimbia na mguu dhaifu kuliko ulivyouacha, ukaupa kazi ileile. Sikulaumu, kwa sababu ushauri wa "pumzika mpaka maumivu yaishe" bado unatolewa kila mahali, na kwa kano unawarudisha watu nyuma miezi mingi.

Neno "imechakaa" nalo huwatia watu hofu isiyo ya lazima. Ni kweli kwamba katika sehemu iliyougua nyuzi hupoteza mpangilio, maji huongezeka, na mishipa midogo ya damu huota mahali ambapo kwa kawaida haipo. Lakini picha za namna hiyo hupatikana hata kwa watu wasioumwa popote, na wapo wengi wanaoacha kuumwa huku picha ikibaki vilevile. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia kaboni ya mionzi iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya 1955 hadi 1963. Waliipima ndani ya kano za Achilles za watu waliozaliwa miaka tofauti, wakaona kwamba kiini cha kano hujengwa mpaka umri wa miaka 17 hivi, kisha karibu hakibadilishwi tena. Kwa hiyo usisubiri kano mpya wala picha safi. Kazi yetu ni kuiimarisha ile sehemu nzima, ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko iliyougua, mpaka iweze kubeba mbio unazozitaka.

Zoezi ulilopewa lina historia ndefu. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Umeå, Uswidi, walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wasio wa kulipwa waliokuwa na tatizo kama lako na ambao tiba nyingine hazikuwafaa. Walishusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, seti 3 za marudio 15 goti likiwa limenyooka na seti 3 nyingine likiwa limekunjwa kidogo, mara 2 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Jumla yake ni marudio 180 kwa siku. Waliruhusiwa kuendelea hata kukiuma, waache tu ikiwa maumivu yanawalemaza. Na maumivu yalipopungua, walivaa begi lenye uzito mgongoni ili mzigo uongezeke. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo mazuri kiasi hicho, na wapo wanaobaki na maumivu kidogo hata baada ya miaka kadhaa, lakini msingi wake umesimama: kano inayouma inaweza kupewa mzigo mzito na ikapata nafuu.

Sasa kuhusu hofu yako. Karin Silbernagel na wenzake, nao wa Uswidi, walichapisha mwaka 2007 utafiti wa watu 38 wenye kano inayouma. Wote walifanya mazoezi ya kuimarisha, ila kundi moja liliacha kukimbia na kuruka kwa wiki 6 za mwanzo, na lingine likaruhusiwa kuendelea kwa masharti ya maumivu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na walioendelea kukimbia hawakuwa na hali mbaya kuliko walioacha. Masharti yenyewe ndiyo ninayotaka uyashike. Chukua kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutoumwa kabisa na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Wakati wa zoezi maumivu yanaweza kufika 5. Yanaweza kufika 5 hata baada ya kumaliza, mradi yawe yametulia kesho yake asubuhi. Na wiki hadi wiki, maumivu na kukakamaa kwa asubuhi visiwe vinapanda.

Katika hayo matatu, asubuhi ndiyo hakimu ninayemwamini zaidi. Maumivu ya papo hapo hudanganya pande zote mbili: kano hulegea ikipata joto, mtu akadhani yuko salama akapitiliza, au huuma mwanzoni tu, mtu akaogopa akaacha. Kwa hiyo kila ukiamka, kabla ya jambo lingine, tembea hatua 10 na uandike namba. Namba ya leo ikiwa sawa na ya jana au chini yake, mzigo wa jana ulikufaa. Ikipanda kwa pointi 1, rudia mzigo uleule bila kuongeza. Ikipanda kwa 2 au zaidi, punguza marudio au uzito, lakini usiache. (Pointi hizi ni kanuni yangu ya kazini.) Hapo ndipo wengi hukosea: wakiona imepanda, wanarudi kulala wiki 2, na mzunguko unaanza upya.

Kama marudio 180 kwa siku yanakushinda, usijione mzembe. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walilinganisha mpango huo na mazoezi ya uzito mkubwa yanayofanywa taratibu, mara 3 tu kwa wiki. Baada ya wiki 12, na hata baada ya mwaka, nafuu ilikuwa sawa, na wa mara 3 kwa wiki walitumia muda mfupi zaidi. Mimi ningekupa huo wa pili. Panda kwa vidole kwa sekunde 3, shuka kwa sekunde 3, ukiwa umesimama na pia ukiwa umekaa goti likiwa limekunjwa. Anza na uzito unaokuwezesha kurudia mara 15 tu, kisha kwa wiki kadhaa ongeza uzito na kupunguza marudio mpaka ufike mara 6. Kama marudio ya mwisho hayakuchoshi, uzito hautoshi. Nasisitiza hilo kwa sababu mazoezi mepesi yasiyopandishwa ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kwa watu wanaosema "nilijaribu mazoezi, hayakusaidia".

Sindano ya steroidi hupunguza maumivu haraka, na ndiyo maana inapendwa. Lakini uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba nafuu yake katika matatizo ya kano ni ya muda mfupi. Kwa kano ya kiwiko, waliochomwa walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko wasiochomwa. Kwa kano ya Achilles kuna pia taarifa za kano zilizokatika baada ya sindano. Sindano ya chembe sahani, inayotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, ilipimwa mwaka 2021 kwa watu 240 Uingereza, nayo haikushinda sindano ya kuigiza. Usitumie fedha zako huko. Baada ya wiki 12 za mazoezi ya kweli, ikiwa hujaona badiliko lolote, muulize mtaalamu wako kuhusu tiba ya mawimbi ya mshtuko ikiongezwa juu ya mazoezi, si badala yake.

Nilisema nitarudi kwa wenye maumivu kwenye mfupa wenyewe wa kisigino. Ninyi msishushe kisigino chini ya usawa wa kidato, kwa sababu mguu ukikunjika hivyo kano hubanwa dhidi ya mfupa. Fanyeni kwenye sakafu tambarare.

Kuna hali ambazo hutakiwi kunisubiri mimi. Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu kana kwamba umepigwa, na ukashindwa kusimama kwa vidole, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kigimbi kikivimba na kuwa cha moto bila sababu, maana huenda ni damu iliyoganda. Visigino vyote viwili vikiuma na mwili kukakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, hasa pamoja na mgongo, omba uchunguzwe ugonjwa wa viungo. Na kama maumivu yalianza ukiwa kwenye dozi ya antibiotiki kama siprofloksasini au levofloksasini, au muda mfupi baada yake, mwambie daktari mara moja na usiendelee na mazoezi mpaka akuone, kwa sababu dawa za kundi hilo zinajulikana kuongeza hatari ya kano kukatika.

Kuhusu kukimbia: anza tena pale utakapoweza kutembea haraka kwa nusu saa na namba ya asubuhi isipande. Kimbia dakika chache, ukichanganya na kutembea, na acha angalau siku moja kati ya mbio na mbio. Baada ya kazi ngumu kolajeni huvunjwa kuliko inavyojengwa kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo, na ujenzi huzidi baada ya hapo. Ongeza muda kwanza, mwendo baadaye, na vilima mwisho. Mazoezi ya kigimbi usiyaache hata ukiwa unakimbia bila maumivu. Mara 1 au 2 kwa wiki inatosha.