Ukiishi kwa dizeli, fuatilia siasa za Ghuba

Sisi wenye malori tunaijua sana Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, inapotangaza bei kikomo za mafuta, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa. Bei ikipanda, ndipo tunapoanza kuwapigia wenye mizigo kuomba nyongeza. Ushauri wangu: usisubiri Jumatano. Bei ile ilianza kujengeka wiki kadhaa nyuma, na mara nyingi kilichoisukuma ni siasa.

Tanzania hatusafishi mafuta ghafi. Dizeli yetu inaingia ikiwa imeshasafishwa, inaagizwa kwa mfumo wa pamoja, na bei yake inafuata soko la Uarabuni. Kwa hiyo yeyote anayegombania dizeli ya Ghuba anagombania dizeli yetu.

Hili nilielewa vizuri wakati wa vita vya Ukraine. Urusi ilipovamia Februari 2022, kila mtu alitazama bei ya pipa, na kweli mwezi uliofuata Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la dunia, ilikaribia dola 139 kwa pipa. Lakini kilichotuumiza sisi wa barabarani ni dizeli yenyewe. Ulaya ilizoea kununua dizeli nyingi kutoka Urusi. Ilipoanza kuikwepa, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku bidhaa za mafuta ya Urusi kuanzia tarehe 5 Februari 2023, wanunuzi wake wakahamia Ghuba na India, kule kule tunakonunua sisi, tena wana pesa kutuzidi. Dizeli ikawa ghali kuliko petroli. Madereva wangu walidhani sheli zinatuibia. Nikawaeleza kwamba vikwazo vilivyopitishwa Brussels vimefika hadi kwenye tenki la Fuso yetu.

Ila si kila kishindo cha habari ni cha kukimbilia. Juni 2025 Israel ilipoishambulia Iran, wenzangu wengine walipandisha nauli za mizigo siku hiyo hiyo. Hofu yao ilikuwa na msingi: Mlango wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, ulikuwa ukipitisha takriban mapipa milioni 20 kwa siku, karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani. Mteja wangu wa vitunguu akanipigia kutoka Ruaha Mbuyuni: "Kaka, na wewe unapandisha?" Nikamjibu, meli bado zinapita, tusubiri. Brent ilivuka dola 80, kisha mapigano yaliposimama ikarudi chini ya 70 ndani ya siku chache. Gunia zake zilifika Dar kwa nauli ile ile, na hadi leo mzigo wake ananipa mimi kwanza.

Kwa hiyo ukisikia vita, jiulize: kuna mafuta yaliyozuiwa kutoka, au ni hofu tu? Bei zinazokaa juu muda mrefu ni zile zinazosukumwa na vikwazo na maamuzi ya OPEC+, kundi la nchi zinazouza mafuta ambalo Saudi Arabia na Urusi ndizo zenye sauti kubwa. Aprili 2023 wanachama wake walitangaza ghafla kupunguza zaidi ya mapipa milioni 1 kwa siku. Tangazo la namna hiyo ukilisikia, anza kupiga hesabu usiku huo huo. Na usisahau dola: mafuta yananunuliwa kwa dola, na shilingi ikilegea unaweza kulipa zaidi hata kama pipa halijapanda.

Jambo la kufanya wiki hii ni kuandikiana na mteja. Sisi tumeandika bei ya lita tuliyoanzia, lita zinazotumika kwenda na kurudi, na kwamba bei kikomo ikisogea kwa shilingi 100, nauli inasogea kwa kiasi tulichokubaliana, juu au chini. Neno "chini" liandike kwa dhati kabisa. Bei ikishuka, mpigie wewe kabla hajakupigia, umtajie nauli mpya.