Bahasha yangu na barua yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Uchumi ukiyumba, familia ilinde nini kwanza, akiba au ajira?" Nimelisoma mara tatu. Kila nikitaka kuandika "akiba" mkono unagoma. Akiba nilikuwa nayo, ajira mume wangu alikuwa nayo, na bado nusura tuzame. Kilichokosekana kwetu ni kuambiana. Niwieni radhi, nitajibu hilo.

Nilikuwa naweka pesa taslimu ndani ya nyumba, kwa siri, na sikuanza kwa nia mbaya. Machi 2013 niliona kwenye habari watu wa Kupro wamejipanga foleni kwenye mashine za kutolea pesa. Benki zilifungwa karibu wiki mbili, na zilipofunguliwa mtu hakuruhusiwa kutoa zaidi ya yuro 300 kwa siku. Picha ile iliniingia moyoni ikakaa. Ilipokuja korona mwaka 2020 nikaamua: za benki zibaki benki, lakini pawe na nyingine ninazoweza kuzishika kwa mkono wangu. Nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa mpira, nikaifukia chini ya vitambaa kwenye droo ya cherehani, ambayo nyumbani kwetu hakuna mwingine anayeifungua. Kila mwezi naongeza kidogo. Kufikia mwaka wa tatu zilitosha matumizi yetu ya miezi minne, kodi ya nyumba ikiwemo. Washauri wa fedha husema miezi mitatu hadi sita. Nikajiona nimefika.

Siku mume wangu alipopunguziwa mshahara kwa theluthi nzima, alirudi akakaa bila kuvua viatu. Nikamwambia, "Baba, usihofu, tutajibana." Akaitikia kwa kichwa tu. Usiku niliamka nikakuta taa ya jikoni inawaka. Alikuwa mezani na kikokotoo cha mtoto cha shule, na mbele yake karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imechakaa hadi inakaribia kukatika. Karatasi haichakai namna ile kwa siku moja. Nikajua imekunjuliwa na kukunjwa mara nyingi, kila mara mimi nikiwa nimelala.

Ilikuwa barua ya mkopo. Alikopa kwa ajili ya matibabu ya mama yake, na hakutaka nami niukose usingizi. Riba iliandikwa 2 kwa mia kwa mwezi. Ukiisoma haraka unaona ni kitu kidogo. Tulikaa pale hadi alfajiri tukipiga hesabu, ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimkondesha: riba ilipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata pale alipokwisha kulipa nusu yake. Tazameni tofauti. Mtu akikopa 100 kwa miezi 12, riba ikipigwa namna hiyo, anarudisha 124. Riba hiyo hiyo ya 2 ikipigwa juu ya salio lililobaki, anarudisha 113 na nusu hivi. Maneno yanayotenganisha hesabu hizo mbili yalikuwa ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, na aliyemkopesha hakumfungulia ukurasa huo wakati wa kutia saini.

Sasa nikiri lililo zito kwangu. Bahasha ilikuwa hatua kumi kutoka meza ile, na usiku ule sikuitaja. Wala kesho yake. Nilijiambia hizo ni za watoto, za siku mbaya zaidi. Lakini mwaka 2022 bei zilikuwa zimepanda karibu dunia nzima, na pesa zangu zilikuwa zikilala bila kuzaa chochote. Kuna hesabu nyepesi: gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, upate miaka ambayo pesa itapoteza nusu ya nguvu yake. Bei zikipanda 8 kwa mia kila mwaka, baada ya miaka 9 noti ile ile inanunua nusu tu. Yaani zangu zilipungua nguvu kwenye droo, deni lake likinenepa kwenye mfuko wa koti, na wenyewe tumelala kitanda kimoja.

Siku ya tatu nilizihesabu mara mbili, nikaenda nikaiweka bahasha juu ya ile barua. Akauliza, "Tangu lini?" Nami nikamuuliza, "Na hii, tangu lini?" Hakukasirika. Aliweka kiganja juu ya bahasha, hakuifungua, akakaa hivyo muda mrefu. Nilitamani angefoka.

Tulilipa salio lote kwa mkupuo mmoja, baada ya kudai tuandikiwe kiasi kamili cha kufunga mkopo, maana walikuwa wameongeza ada ya kulipa mapema. Tukabaki na matumizi ya mwezi mmoja. Wiki hiyo hiyo tulikagua mengine: nani tumemdhamini, bima ya afya inaisha lini, na jina la mrithi kwenye kila akaunti. Ya kwake ilikuwa bado na jina la ndugu yake tangu enzi za ujana.

Nilianza barua hii nikitaka kusema nyumba isiwe na siri ya pesa hata moja. Nilipofika hapa nimemkumbuka dada yangu. Mumewe alifariki ghafla, akaunti ikazuiwa hadi mirathi ikamilike, na kwa miezi ile watoto walikula kwa pesa ambazo dada alikuwa amezificha kimyakimya kwa miaka. Je, nimwambie dada yangu alikosea? Siwezi. Na zipo nyumba ambazo pesa ikijulikana tu imekwisha, kwa kamari au kwa ndugu wasioshiba. Mwanamke wa nyumba hiyo namwambia afiche, tena afiche vizuri.

Kwa hiyo mkinilazimisha kuchagua, nachagua akiba, japo niliikataa mwanzoni. Ajira haiko mikononi mwako; barua moja ya mwajiri inaiondoa. Lakini nasema hivyo kwa masharti. Deni lisifichwe kamwe, kwa sababu deni la mmoja hulipwa na wote. Na mwenye deni la riba kali alipunguze kwanza, abakize kidogo tu cha dharura, maana hakuna droo wala akaunti ya kawaida inayozaa kwa kasi ya riba ile. Kwa mwenye kipato cha siku kwa siku huenda hata ushauri huu haumfai, na simlaumu.

Ile barua ya mkopo tunayo bado, imegongwa muhuri wa kumaliza. Bahasha nayo imerudi kwenye droo ya cherehani, nyembamba kuliko zamani. Mume wangu anajua ipo. Binti yetu mkubwa anajua ilipo. Zilizomo ni ngapi, hawajaniuliza, nami sijawaambia.