Dawa haiyeyuki au haimumunyuki majini?

SWALI: Tunatafsiri makala ya famasia. Mwenzangu ameandika: "Haidrojeli huwasilisha dawa zisizoyeyuka majini." Mimi naona kuna kasoro, ila siijui ilipo. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Sentensi inaeleweka, lakini inachechemea. Barafu huyeyuka, samli huyeyuka: kitu kigumu kimepata joto kikawa kimiminika, hakuna haja ya kukitia majini. Sukari ndani ya chai ni habari nyingine. Mtaani sote tunasema imeyeyuka, nami sitamkosoa mtu kwenye kikombe chake. Kwenye famasia, hata hivyo, dawa ileile huweza kuyeyuka kwa joto na bado ikayakataa maji. Hapo tumia kumumunyuka, na nomino yake umumunyifu. Aliyewahi kumumunya pipi hatapata taabu kulielewa.

Kuna kitenzi cha tatu ambacho hata wataalamu hukisahau. Chukua kidonge cha dawa ya mseto ya malaria, kile cha watoto, ukitie kwenye maji kidogo. Kinavunjika mara moja, maji yanachafuka, na mama anasema, "Kimeyeyuka." Acha kikombe kitulie, uone unga unavyotuama chini. Kidonge kimesambaratika tu. Lumefantrini, mojawapo ya dawa zilizomo kwenye kidonge hicho, haipatani na maji; hupenda mafuta, ndiyo maana mgonjwa huambiwa ainywe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Kuwasilisha tuwaachie wenye mada na ripoti. Dawa hufikishwa.

Haidrojeli liache lilivyo. Nimeona "jeli-maji", nalo linanipa picha ya uji mwepesi. Pasua pampasi iliyolowa uone zile chembe: zimekunywa maji, zimevimba, zinatelezateleza, lakini hazijamumunyuka. Hiyo ni haidrojeli. Lenzi laini za macho ni jamaa yake. Zilitokana na kazi ya Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague, waliochapisha utafiti wao mwaka 1960.

Sasa, kitu kilichojaa maji kitabebaje dawa inayoyakimbia maji? Njia mojawapo ni kuifungia dawa kwanza ndani ya siklodekstrini, molekuli za sukari zenye umbo la pete zinazotengenezwa kutokana na wanga. Nje zinapatana na maji, ndani hazipatani nayo, basi dawa hujibanza mle katikati. Pete hizo ndizo huingizwa kwenye haidrojeli, na dawa hutoka polepole. Kwa hiyo usiandike kwamba haidrojeli "inaimumunyisha" dawa. Inaihifadhi na kuiachia.

Limebaki neno dogo ambalo mwenzako hakuliandika: "mdogo". Hata tukibadilisha kitenzi, "zisizomumunyuka" ni hukumu nzito mno, maana nyingi ya dawa hizi humumunyuka, ila kidogo sana. Mimi ningeandika: "Haidrojeli huweza kufikisha mwilini dawa zenye umumunyifu mdogo majini."