Skini za Counter-Strike 2 si akiba

Ndugu yangu, unauliza kama shilingi 20,000 ulizookota pole pole hapo Kondele uziweke kwenye skini (mapambo ya silaha) za mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike 2 badala ya Sacco. Mimi ningezipeleka Sacco. Ukiuza kwenye soko la Steam, duka la michezo la mtandaoni, mnunuzi akilipa dola 115 wewe unapata 100, na hizo 100 zinabaki kwenye pochi ya Steam. Hazitoki kuja M-Pesa. Ukitaka pesa mkononi inabidi upitie masoko ya nje, na huko ndiko watu wanalizwa.

Halafu mwenye mchezo ni Valve. Oktoba 2025 waliruhusu skini 5 nyekundu (za daraja la juu) zibadilishwe kuwa kisu au glavu za mchezoni, ambazo zilikuwa adimu zaidi, na bei za visu zikaporomoka ndani ya saa chache. Nilikuwa na kisu kimoja, nakitazama kila asubuhi kama ng'ombe wa mahari. Siku hiyo nilizima kompyuta nikaenda zangu Dunga kula samaki.

Ukishikilia kwamba lazima ununue, basi nunua ile utakayofurahia kuichezea, na ukague namba ya floti: ikikaribia 0 ni safi, ikikaribia 1 imechakaa.