Mbu mwenye damu tumboni mwezi wa Januari

SWALI: Nafanya kazi kwenye banda la ng'ombe huku Zeeland, Uholanzi, karibu na bahari. Januari hii mbu wamejaa darini, na baadhi matumbo yao ni mekundu. Wenyeji wanasema zamani malaria ilikuwapo huku. Nitajuaje kama ni anofelesi, mbu wa malaria? Na juzijuzi nimetoka likizo Muheza: wanaweza kubeba malaria ya kwetu?

JIBU: Chukua tochi na lenzi inayokuza mara kumi. Anofelesi akitua hukaa mshazari, makalio juu, na palpi za jike (vijiti viwili kandokando ya mrija wa kunyonyea) hulingana urefu na mrija wenyewe. Usiamini madoa ya bawa peke yake. Culiseta annulata naye ana mabawa ya madoa, naye hujibanza majumbani wakati wa baridi na kuuma. Ila yeye ana pete nyeupe miguuni na palpi fupi. Huyo amewachanganya wengi.

Akiwa anofelesi, kwa mahali ulipo namshuku Anopheles atroparvus, wa kundi la maculipennis. Ndugu zake humfanana mno. Kijadi hutenganishwa kwa mayai: jike huwekwa kwenye kikombe chenye karatasi ya chujio iliyolowa, kisha yai hutazamwa kwa hadubini. La maculipennis mwenyewe lina mikanda miwili myeusi. La atroparvus lina vibaka vyeusi vilivyotapakaa. Lakini Januari utasubiri bure, maana atroparvus hunywa damu majira haya bila kukomaza mayai. Anopheles messeae, ndugu yake wa maji yasiyo na chumvi, hulala kabisa na kuishi kwa mafuta ya mwilini. Kwa hiyo hilo tumbo jekundu linakwambia mengi kuliko bawa. Ukitaka uhakika, hifadhi wachache kwenye spiriti, wapimwe DNA.

Kunywa huko ndani ya nyumba ndiko kulikoibeba malaria ya Uholanzi. Mbu aliyeambukizwa mwishoni mwa kiangazi alibaki chumbani penye joto, akiwauma watu wa nyumba ileile mmoja baada ya mwingine. Kimelea kilikuwa Plasmodium vivax, hujificha kwenye ini. Aliyeumwa na mbu vuli aliweza kushikwa na homa mwaka uliofuata. Atroparvus huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi, kama Anopheles merus wa pwani yetu, hivyo Zuiderzee, ghuba ya bahari ya Uholanzi, ilipofungwa kwa ukuta mwaka 1932 na maji yake kuishiwa chumvi, alipoteza mazalia mengi. Dawa zikamaliza kimelea, na mwaka 1970 WHO ikaithibitisha Uholanzi kuwa haina malaria. Mbu mwenyewe hakwisha.

Kuhusu ya kwetu: katika majaribio ya maabara, Plasmodium falciparum ya Afrika, kimelea cha malaria ya kwetu, mara nyingi imeshindwa kukua ndani ya atroparvus, au imekua kwa shida. Tena kwenye baridi ya chini ya nyuzi 16 haikui ndani ya mbu yeyote. Wa kuangaliwa ni wewe, si mbu wa bandani. Ukipata homa miezi hii mitatu, nenda hospitali siku hiyohiyo, useme umetoka Tanzania, uombe kipimo cha malaria. Usipotaja safari, wanaweza kudhani ni mafua. Kikiwa hasi na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya muda wa saa 12 hadi 24.