Umekataliwa viza ya kukaa muda mrefu? Anza na tarehe, halafu rudi kwenye karatasi za nyumbani

Ukipokea barua ya kukataliwa viza, kabla hujampigia mtu yeyote simu, andika tarehe uliyoipokea. Kama imekuja kwa barua pepe, usiifute; kama umekabidhiwa bahasha Dar es Salaam, tia tarehe juu ya bahasha hiyo. Najua siku ile mtu hana hamu ya kuandika chochote. Lakini haki yako ya kupinga uamuzi, kama ipo, inaanza kuhesabiwa hapo, na huku kwetu siku zinapita upesi: watu wanakuja kukupa pole, wazee wanakwambia subiri kidogo, huenda kuna kheri yake, ukija kushtuka muda umekwisha. Kheri ipo, na subira ni wajibu, lakini tarehe ya mwisho haimsubiri anayesubiri.

Nayasema haya kwa sababu yamenifika. Niliomba viza ya kwenda kusoma shahada ya pili katika nchi moja ya Ulaya. Barua ya chuo ninayo, ruhusa ya kazini ninayo, nyumbani Wete dua ya safari imeshasomwa, na jawabu ikaja kuwa ombi limekataliwa. Baadaye nilipata. Tangu niliporudi nimekaa na vijana wengi, na wanawake wanaotaka kuwafuata waume zao, wa Unguja na wa Pemba, tukizifungua barua kama ile na kuzisoma mstari kwa mstari. Jambo moja nimeliona karibu katika zote: afisa hakusema kuwa mtu huyu hafai. Amesema kuna karatasi hakuielewa au hakuiamini. Na mara nyingi karatasi yenyewe ni ya kwetu hapa, sisi tunaielewa bila ya kuelezwa, na yeye hakuwa na wa kumueleza.

Kwa hiyo isome barua yote, wewe mwenyewe, pamoja na mtu anayeijua lugha yake sawasawa. Usikubali kuambiwa "wanasema pesa hazitoshi" ukaishia hapo. Fedha kutotosha, fedha kutokuwa na chanzo kinachojulikana, na fedha kuwa katika akaunti ya mtu asiyekubalika ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. Piga mstari chini ya kila sababu. Zikiwa tatu, zijibu tatu. Nimeona mtu akihangaika miezi na sababu moja aliyoiona kubwa, akaomba upya, akakataliwa kwa ile ndogo aliyoiacha.

Halafu jua nchi uliyoomba inakupa mlango gani, maana hazifanani. Uingereza, mwanafunzi aliyekataliwa akiwa nje ya nchi hiyo ana siku 28 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, kwa ada ya pauni 80. Anayeangalia upya anatafuta kosa la afisa aliyeamua. Kama kosa ni kwamba karatasi fulani haikuwemo, kuipeleka sasa kwa kawaida hakusaidii, na ni afadhali pauni hizo uziweke kwa ombi jipya. Ombi la mume au mke kwa msingi wa familia ni jengine: hilo lina rufaa mbele ya mahkama, nayo ni siku 28 kwa aliye nje.

Ujerumani mambo yamebadilika, na wengi hawajapata habari. Zamani uliweza kuuandikia ubalozi barua ya kuupinga uamuzi, bila ya malipo, na wao wakalifikiria tena ombi lako. Utaratibu huo umefutwa dunia nzima tangu tarehe 1 Julai 2025. Jamaa waliokwenda miaka ya nyuma watakwambia "andika tu barua, mimi nilifanya hivyo nikapata." Wanasema kweli kwa wakati wao. Kilichobaki sasa ni kuomba upya, au kufungua kesi katika mahkama ya utawala ya Berlin, na kesi hiyo kwa kawaida ina mwezi mmoja tu tangu uamuzi ukufikie. Ufaransa nako, kwa viza ya muda mrefu, huendi mahkamani moja kwa moja. Lazima kwanza upeleke malalamiko kwa tume ya rufaa za viza, ndani ya siku 30, kwa Kifaransa. Tume ikinyamaza miezi miwili, kunyamaza huko kunahesabiwa kuwa ni kukataa, na hapo ndipo unapoweza kwenda mahkama ya Nantes.

Rai yangu, kwa niliyoyaona: mwanafunzi mara nyingi anafaidika zaidi kwa kuomba upya na faili lililotengenezwa, kwa sababu kesi hujikokota na muhula haumngoji. Aliyeomba kumfuata mume au mke ana sababu kubwa zaidi ya kupigania rufaa, na hapo wakili wa nchi ile anayeshughulika na uhamiaji anastahili pesa zake. Ukiwa mwanafunzi, siku hiyo hiyo kiandikie chuo uombe nafasi yako iahirishwe. Vyuo vingi hukubali wakiambiwa mapema.

Sasa fedha, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia.

Baba yangu ana mikarafuu Mtambwe. Pesa za karafuu haziingii kila mwisho wa mwezi. Zinaingia msimu ukija, kwa mkupuo, na mwaka mwengine haziji kabisa. Yeye akauza, akaweka benki, nami nikaambatanisha taarifa ya akaunti. Afisa akaona akaunti iliyokaa karibu tupu kwa miezi, halafu fedha nyingi kwa siku moja, akaandika kuwa chanzo chake hakijulikani. Baba aliposomewa aliuliza kwa uchungu, "Kwani wao karafuu hawazijui?" Karafuu wanazijua. Wasichokijua ni kwamba mtu anaweza kuishi maisha ya heshima na kusomesha watoto kwa pesa zinazoingia mara moja kwa msimu.

Kwa hiyo wajulishe. Karafuu zetu zinanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mkulima anayeuza huko anapata karatasi. Zitafute hizo stakabadhi, si za msimu huu peke yake. Za misimu iliyopita pia, ili waone kuwa mkupuo huu una ndugu zake wa miaka ya nyuma. Weka hati ya shamba au barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, inayothibitisha kuwa shamba ni la mzee. Halafu andika ukurasa mmoja wa maelezo: hiki ni kilimo gani, msimu unakuja vipi, kiasi hiki kilichoingia tarehe hii kinalingana na stakabadhi nambari hii. Mstari wa taarifa ya benki na mstari wa stakabadhi vikae pamoja hata asiyeijua Pemba aweze kuvioanisha. Anayeuza mwani au mwenye chombo cha uvuvi afanye vivyo hivyo kwa karatasi alizonazo.

Kuna na hili la ami na mjomba. Kwetu ami wa Maskati akisema atakusomesha, amesema, na neno lake linatosha. Kanuni za viza ya mwanafunzi ya Uingereza hazimtambui ami. Fedha ziwe katika akaunti yako, au ya mzazi, mlezi wa kisheria, au mwenza wako, kama hufadhiliwi na taasisi rasmi. Zikiwa za mzazi, unatia cheti cha kuzaliwa kinachoonesha kuwa huyo ni mzazi wako, na barua yake ya kukubali. Tena lazima zikae siku 28 mfululizo bila ya kushuka chini ya kiwango, hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Basi ami azitume mapema ziingie kwako, uhifadhi karatasi za kutumiwa pamoja na barua yake ya kusema kuwa amekupa na hakukukopesha, kisha usiziguse. Mama akiumwa katikati ya siku hizo, mwambie ndugu mwengine agharamie.

Ujerumani wao wanamtaka mwanafunzi aweke fedha za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa ambayo unatoa kidogo kidogo kila mwezi ukishafika. Kiwango kilipandishwa Septemba 2024 kikawa yuro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Kama una jamaa anayeishi huko mwenye kipato cha kutosha, anaweza kuweka dhamana rasmi mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake badala ya akaunti hiyo. Huo ni mlango wa halali ambao hata ami anaweza kuupitia.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cheti cha skuli kinasema Hamisi, pasipoti ina majina matatu na hati ya ndoa ina manne pamoja na la babu. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Afisa anaona watu wawili. Wengi waliozaliwa nyumbani, hasa mashamba, waliandikishwa wakiwa wakubwa, na cheti kilichotolewa miaka ishirini baada ya kuzaliwa kinamtia mtu shaka. Anzia kwa sheha wa shehia uliyozaliwa, upate barua, uende nayo kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kilichokosewa katika cheti kirekebishwe huko. Kwa vyeti vya mtihani, ambavyo kuvibadilisha si kazi nyepesi, apa kiapo cha majina mbele ya wakili kinachotaja kila jina na kila hati lilipo, kisha kifasiriwe pamoja na nyaraka nyengine. Cheti kikiwa kimechelewa kutolewa, kisindikize na cha zamani: kadi ya kliniki, rejista ya skuli, chochote kilichoandikwa ukiwa mtoto.

Wanaowafuata waume wana jambo jengine ambalo watu huona haya kulisema. Mume aliyewahi kuoa kabla, akaacha kwa mdomo, kwa sheria yetu ya dini ameacha. Ubalozi unataka karatasi. Kama talaka ile haikuandikishwa, ndoa yako wewe inaonekana ya pili, na nchi nyingi za Ulaya hazimpokei mke wa pili. Nimemuona dada akilia kwa barua iliyomwambia kuwa mumewe bado ana mke mwengine, na huyo "mke" ameshaolewa kwengine zamani. Nendeni kwa kadhi talaka ithibitishwe kwa maandishi kabla ya kufanya chochote. Na anayekwenda kwa mume Ujerumani ajue kuwa kwa kawaida anatakiwa cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, mtihani ambao Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, hufanyisha Dar es Salaam. Jisajili mapema.

Katika siku hizi za unyonge atakuja mtu. Atakwambia anamjua mtu wa ndani, au anaweza kukutengenezea taarifa ya benki isiyo na doa. Hao ni vishoka. Ninaomba kwa dhati, msiwape pesa wala pasipoti. Ombi lililokataliwa kwa kukosa karatasi linatengenezeka. Lililokataliwa kwa karatasi ya kughushi, Uingereza linaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu zao. Kwa sababu hiyo hiyo, fomu ijayo ikiuliza kama umewahi kukataliwa viza nchi yoyote, jibu ndiyo, taja tarehe na sababu, kisha eleza kwa sentensi chache nini kimebadilika. Mimi niliandika hivyo, nikaweka na nakala ya barua yenyewe.

Waambie mapema waliokuchangia. Wengine wameuza ng'ombe, wengine wametoa pesa ya kikoba, na wakisikia habari kwa jirani ndipo maneno yanapoanza. Ukienda mwenyewe na barua mkononi, ukawaeleza sababu na unachokusudia kufanya, wengi watakutilia dua na wengine watakuongezea. Na kazi usiache mpaka viza iwe imeshatoka. Omba likizo bila ya malipo.

Kabla ya kulipa mara ya pili, panga karatasi zote mezani uangalie tarehe zake. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita akitokea Tanzania lazima awe na cheti cha kupimwa kifua kikuu, na cheti hicho kinadumu miezi sita tu, kwa hiyo huenda ukalazimika kupimwa tena. Ile nambari ya udahili ambayo chuo cha huko kilikupa ikishatumika kwa ombi lililokataliwa imekwisha kazi, omba nyengine. Ada ya viza hairejeshwi, lakini ile ya huduma ya afya uliyolipa pamoja nayo hurejeshwa kwa kadi au akaunti iliyolipia. Kama alilipa jamaa kwa kadi yake, muulize yeye. Na wa Pemba, ambao mara nyingi huvuka mara mbili mpaka kufika Dar es Salaam, wasiweke miadi asubuhi ya siku wanayosafiri. Boti ikizuiliwa na upepo, miadi imekwenda. Fikeni jana yake.